Donati ya siagi jikoni Tassia: Faida ipo, mtihani ni kastadi

*Donati za brioche zilizojazwa zinaweza kupikwa vizuri katika nyumba ya kupanga isiyo na oveni. Kinachoamua kama zitauzika kwa usalama ni kile kinachowekwa ndani.*

Na Mwandishi Wetu

KABLA jua halijachomoza, mafuta yameshapata moto kando ya njia zinazotoka Tassia, Nairobi, kuelekea barabara ya Outering. Mandazi yanageuzwa kwenye karai, chai imo kwenye chupa, na wanaokimbilia matatu za mjini wananunua mawili matatu, wanafungiwa kwenye karatasi na kwenda zao.

Orofa kadhaa juu ya karai hilo, kwenye jiko ambalo watu wawili hawawezi kupishana, kuna sufuria nyingine ya mafuta. Humo hukaangwa donati za brioche: duara, nyepesi, hazina tundu, ndani zimejaa kastadi, jamu au chokoleti. Picha zikishapandishwa kwenye stetasi ya WhatsApp, malipo huingia kwa M-Pesa na mwendesha boda boda husubiri langoni.

Kwa macho, kazi hii ni rahisi. Kwa mikono, wengi hushindwa. Kinyunga hunata hadi kwenye viwiko, donati hunywa mafuta kama sifongo, nyingine hutoka nyeusi nje na mbichi katikati. Na zile zilizofanikiwa hubeba hatari isiyoonekana pichani, yaani kastadi iliyozunguka mtaani tangu asubuhi bila baridi.

Maswali basi ni mawili kwa pamoja: je, donati hii yaweza kupikwa sawasawa katika nyumba ya kawaida ya Tassia, na je, yaweza kuuzwa bila kumdhuru mnunuzi wala kumfilisi mpishi?

Jiko lisilo na oveni

Brioche ni mkate wa Kifaransa unaokandwa kwa mayai, maziwa na siagi. Mkate wa kawaida wa dukani huwa na mafuta kidogo mno. Katika brioche, siagi huweza kufika nusu ya uzito wa unga na hata kupita. Donati hutosheka na takribani moja ya tano, kwani kinyunga kikilainika kupita kiasi hakibebeki hadi kwenye mafuta.

Ulaya imekuwa ikikaanga vinyunga vya aina hii kwa karne nyingi. Wajerumani wana Berliner ya jamu. Wapolandi wana pączki, ambazo huliwa kwa wingi Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Waitaliano wana bombolone, na Wareno waliichukua ile ya Kijerumani, wakaipasua ubavuni na kuijaza krimu ya viini vya mayai.

Lakini asiyetaka kwenda mbali ataona ndugu wa donati hii karibu zaidi. Mahamri ya Mombasa na Lamu hukandwa kwa hamira, iliki na tui zito la nazi, na wapishi wengi hukanda usiku ili kinyunga kiumuke hadi alfajiri. Aliyelelewa kwa mahamri na mbaazi za nazi anajua tayari nusu ya somo la brioche: kwamba unga wenye mafuta mengi hautaki haraka.

Kilichoifanya donati hii ikae vizuri Tassia ni umbo la nyumba zenyewe. Mtaa huu wa Embakasi ni wa majengo marefu ya kupanga, na jiko la kawaida lina meko ya gesi, sinki na rafu. Oveni ya stima ya wati 2,000 ikiwaka saa nzima bila kukatika hula yuniti 2 za tokeni. Anayetaka kuoka keki za kuuza lazima kwanza apate oveni, apate pa kuiweka, kisha aweze kuilisha.

Donati haimwekei mpishi sharti hilo. Mtungi wa gesi wa kilo 6, sufuria nzito na kijiko cha matundu vinatosha kuikaanga.

> Keki inadai oveni. Donati inadai sufuria, mizani na subira.

Siagi au majarini?

Hapa ndipo ubishi wa kwanza unapoanzia. Kambi moja inasema brioche bila siagi si brioche. Siagi huyeyuka kwenye joto la nyuzi kama 32 hadi 35, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo maana huyeyuka mdomoni na kuacha harufu ya maziwa. Kambi nyingine inajibu kwamba mnunuzi wa Tassia anaangalia bei kwanza, na majarini imewalea watoto wa Kenya kwa miaka mingi bila malalamiko.

Hesabu inaweza kuwaamua. Chukua kipimo cha unga gramu 500, kinachotoa donati 16 za gramu 60 kila moja kabla ya kujazwa. Tuseme, kwa mfano, siagi ni Sh130 kwa gramu 100, unga Sh45, mayai 3 ya kinyunga na viini 4 vya kastadi Sh126, maziwa Sh80, sukari Sh32, hamira Sh25, wanga wa mahindi Sh15, mafuta yanayopotea Sh50 na gesi Sh30. Jumla ni Sh533, yaani Sh33 na senti kidogo kwa donati.

Sasa toa siagi, weka majarini ya Sh40. Jumla inashuka hadi Sh443, karibu Sh28 kwa donati.

Tofauti yote ni chini ya Sh6. Msomaji aweke bei za duka lake, lakini sura ya hesabu haitabadilika sana: siagi si mzigo mkubwa unaodhaniwa. Mayai ya kinyunga na kastadi yanakaribia gharama yake. Na kisichoonekana kwenye orodha hii, yaani saa za mpishi, boksi, boda boda na donati zilizoharibika, ndicho humaliza faida.

Kwa hiyo anayeuza donati kwa jina la brioche aweke siagi. Anayeweka majarini anaweza kupika donati nzuri pia, ila aitaje kwa jina lake.

Bei ya unga nayo haiko mikononi mwa mpishi. Narok inalima ngano, lakini sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Kenya huagizwa kutoka nje, ikiwemo Urusi na Ukraine. Vita kati ya nchi hizo mbili vilipoanza Februari 2022, bei ya unga ilipanda hadi vibandani. Aliyejifunza kupima kwa gramu hubadilisha bei yake kwa ushahidi. Aliyezoea kupima kwa kikombe hukisia.

Baridi ndiyo fundi

Kosa linaloua brioche nyingi hutokea mapema: siagi kutiwa mwanzoni. Mafuta huzunguka protini za unga na kuchelewesha zile nyuzi za gluteni zinazoshika hewa. Unga, sukari, hamira, chumvi, mayai na maziwa baridi vikandwe kwanza mpaka kinyunga kivutike. Kwa mkono, hilo ni dakika 15 hadi 20 za kazi halisi. Siagi laini, ambayo haijayeyuka, ndiyo iingie sasa, kipande baada ya kipande.

Mpishi ataona kinyunga kikiharibika mbele ya macho yake: kinateleza, kinakatika, kinanata. Hapo wengi huongeza unga, na donati hutoka nzito. Dawa ni kuendelea kukanda, au kukiweka kwenye friji dakika 20 kisha kurudi. Kikiwa tayari, kipande kidogo kitavutika kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika.

Kisha kinyunga kifunikwe, kiachwe kianze kuumuka, na kilale kwenye friji saa 8 hadi 12. Baridi hufanya kazi mbili. Huipunguza hamira kasi ili ladha ikomae, na huigandisha siagi ili asubuhi kinyunga kikatike na kuviringwa bila kunata.

Embakasi ina jambo lake pia. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, jirani wa Tassia, uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo mgandamizo wa hewa ni mdogo, na gesi ya hamira hupanuka kwa urahisi zaidi. Kipimo cha hamira kilichoandikwa London au Mombasa huweza kuumua kinyunga mapema mno Nairobi, isipokuwa katika baridi ya Julai. Macho yatangulie saa.

Baada ya kuviringwa, kila duara likae juu ya kipande chake cha karatasi ya kuokea. Liumuke mpaka likibonyezwa kwa kidole lirudi polepole na kuacha alama ndogo. Likirudi upesi, bado. Lisiporudi kabisa, limepita.

> KIPIMO CHA DONATI 16
>
> Kinyunga: unga wa ngano g 500, sukari g 60, hamira ya chenga g 10, chumvi g 8, mayai 3, maziwa baridi ml 170, siagi laini g 100.
>
> Kastadi: maziwa ml 500, viini 4, sukari g 100, wanga wa mahindi g 40.
>
> Kukaanga: mafuta yenye kina cha sentimita 5 au zaidi, nyuzi 170 hadi 180, dakika 2 hivi kila upande.

Nyuzi 175

Kifaa chenye faida kubwa kuliko vyote katika kazi hii ni kipimajoto cha jikoni. Mafuta yakiwa chini ya nyuzi 160, donati hukaa muda mrefu ikinywa mafuta kabla ya ngozi yake kufunga. Yakipita 190, sukari na maziwa huungua nje huku katikati pakiwa pabichi. Nyuzi 175 ni lengo jema. Na kila donati inapoingia, joto hushuka, hivyo tatu kwa wakati mmoja zinatosha sufuria ya nyumbani.

Asiye na kipimajoto atumbukize kipande kidogo cha mkate. Kikiiva rangi ya dhahabu kwa takribani dakika moja, mafuta yako karibu na 180.

Donati iliyoumuka vizuri huelea juu na kubaki na mkanda mweupe kiunoni, mahali ambapo mafuta hayakufika. Mkanda huo ndio cheti cha mpishi. Ukikosekana, kinyunga hakikupata hewa ya kutosha.

Mafuta yakichujwa yakiwa yamepoa, hutumika tena mara chache. Yakitoa povu, yakigeuka meusi, yakinata au kutoa moshi kabla ya kufikia joto la kukaangia, mwisho wake umefika. Biashara hii huharibika pale mpishi anapoyahurumia.

Halafu kuna moto wenyewe. Embakasi haijasahau usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ilipolipuka eneo la Mradi, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa. Mtungi ununuliwe kwa muuzaji mwenye leseni. Mafuta yasipite nusu ya sufuria, watoto wakae nje ya jiko, na mafuta yakishika moto, zima gesi na ufunike kwa mfuniko. Maji yasikaribie.

Kastadi: kambi mbili

Ubishi wa pili ni mzito kuliko ule wa siagi. Wauzaji wengi watakwambia kastadi ndiyo inayouza. Ile picha ya donati iliyokatwa katikati, krimu ya manjano ikitiririka, ndiyo inayoleta oda. Jamu, wanasema, ni ya mkate wa shule.

Upande wa pili ni wa afya ya umma. Kastadi ina maziwa, mayai, sukari na maji mengi, na bakteria hustawi humo haraka. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa 2, na kinachohifadhiwa kiwe chini ya nyuzi 5. Donati ya kastadi iliyojazwa saa kumi na mbili asubuhi na kuliwa saa nane mchana kazini imekaa mara nne ya muda huo.

Wahusika wanajulikana. *Salmonella* huweza kuja na mayai. *Staphylococcus aureus* huishi puani na kwenye ngozi za watu wazima wa afya, na hufika kwenye kastadi kupitia mikono inayojaza. Sumu yake haiondoki kwa kupashwa moto tena. Katika mtaa wenye mgao wa maji, kunawa mikono kila mara kunahitaji mtungi wa maji uliotengwa kwa kazi hiyo tangu jana.

Kupika kastadi yenyewe si tatizo. Kwa mwinuko wa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi takribani 95, na kastadi ikitokota dakika 1 hadi 2 huku ikikorogwa, wanga huiva na vimeng'enya vya viini, ambavyo vingeilegeza baadaye, huzimika. Tatizo huanza inapotoka motoni. Itandazwe kwenye sinia pana, ifunikwe kwa karatasi inayogusa uso wake, na iingie friji mapema.

Friji nayo hutegemea stima. Agosti 25, 2023, giza liliifunika sehemu kubwa ya Kenya hadi uwanja wa ndege wenyewe ukakosa taa. Siku kama hiyo, kastadi iliyokaa bila baridi haina mjadala: inamwagwa, hata kama imelipiwa.

> Sumu ya *Staphylococcus* haiondoki kwa kupashwa moto tena. Kinga yake ni mikono safi na baridi.

Kuna njia ya kati. Donati husubiri bila kujazwa, kastadi husubiri kwenye friji, na kujaza hufanyika oda inapothibitishwa. Wateja wa mitaa jirani ya Fedha, Pipeline na Nyayo Estate wanafikika kwa boda boda ndani ya dakika chache. Mteja wa ng'ambo ya jiji, kwenye msongamano wa jioni, apelekewe ya jamu.

Na jamu isidharauliwe. Sukari yake nyingi hufunga maji ambayo bakteria wangeyatumia, kwa hiyo huvumilia safari. Nanasi, embe au pasheni ikichemshwa mpaka iwe nzito ina ukali unaokata mafuta ya brioche vizuri kuliko kastadi tamu juu ya kinyunga kitamu.

Karai la barabarani na sufuria ya orofani

Ubishi wa tatu ni wa sheria, na ndani yake kuna dhuluma kidogo. Muuza mandazi anaonekana. Kanjo, yaani askari wa kaunti, wanajua aliposimama na afisa wa afya anajua pa kumuuliza cheti. Mpishi wa orofani haonekani, ilhali chakula chake ndicho chenye hatari zaidi. Andazi kavu hukaa kutwa bila kumdhuru mtu, kastadi haiwezi.

Sheria haitofautishi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, na kanuni za usafi chini yake zinamtaka anayeandaa chakula cha kuuza awe na mahali palipopewa leseni, na anayekishika apimwe afya. Anayetaka kuingia rafu za supamaketi hukutana pia na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Wapishi wa nyumbani wana hoja. Taratibu hizi zilibuniwa kwa hoteli na viwanda, na mtu anayepika donati 40 kwa siku anahesabu kama ada zitabakisha chochote. Maafisa wa afya nao wana hoja: bakteria haiulizi ukubwa wa jiko.

Hata kodi iko karibu kuliko inavyodhaniwa. Tangu Julai 2023, kodi ya mauzo ni asilimia 3 kwa biashara yenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka. Donati 40 kwa siku, kwa Sh80, siku 6 kwa wiki, ni Sh998,400 kwa mwaka. Akiongeza donati moja tu kwa siku, mpishi wa Tassia amevuka mstari.

Sh80 kwa donati yenye malighafi ya Sh33 inaacha Sh47. Humo mtoke boksi, usafiri, ada za leseni, zilizoungua na jasho la mtu aliyeamka saa kumi alfajiri. Faida ipo, ila ni nyembamba, na mteja mmoja akilazwa hospitalini inafutika yote.

Pa kuanzia

Anayepika kwa ajili ya familia hana sababu ya kuogopa: akande Ijumaa usiku, akaange Jumamosi asubuhi, ajaze kastadi na iliwe pale pale mezani.

Anayetaka kuuza aanze na jamu. Pesa za kwanza zinunue mizani na kipimajoto, za pili cheti cha afya na leseni, na kastadi ingoje mpaka kuwe na friji ya kutegemewa na wateja wa karibu. Mnunuzi naye ana wajibu wa kuuliza swali moja kabla ya kulipa: imejazwa saa ngapi?

Kaunti ya Nairobi, kwa upande wake, iweke daraja la leseni la mpishi mdogo wa nyumbani: ada nafuu, mafunzo ya siku moja ya usafi na ukaguzi wa jiko. Wapishi hawa tayari wapo, na wateja wao wanakula kila siku. Kuwaacha gizani hakumlindi yeyote.